Mwisho Uliofungia Senene

Nilimkuta bibi amekaa mlangoni, sinia la senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa liko pembeni yake, anakunja karatasi. Alikuwa na namna yake: anaizungusha kidoleni mpaka iwe pembe, anapinda ncha ya chini, anajaza, anafunga juu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wauza senene wote wa mji wetu wa Kayanga walikuwa wamerudi kwenye karatasi. Nilikuwa nimetoka kuteka maji. Nilishaitua ndoo ndipo nikaona kwamba karatasi zile hazikuwa na mwandiko wangu wa darasa la saba. Zilikuwa za chapa.

Nilichukua pembe moja mkononi mwake, nikawamwaga senene kwenye sinia, nikaikunjua. Ilikuwa imelowa mafuta, lakini herufi zilisomeka. Juu palikuwa na namba ya ukurasa.

"Bibi, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye boksi la karatasi zako za zamani. Mama yako aliniambia nichukue."

Ni kweli mama alimwambia hivyo. Boksi lile lilikaa chini ya kitanda changu, limejaa madaftari niliyoyamaliza shule ya msingi, na kitabu cha shule nilikuwa nimekiweka juu yake ili kisikae chini. Bibi hakuwahi kusoma. Kwake karatasi ya daftari na karatasi ya kitabu zote zilikuwa karatasi. Nilikimbia ndani. Kitabu kilikuwepo, jalada la mbele liko sawa, lakini nilipokishika kilikuwa chepesi. Alikuwa ameanza kuchana kutoka nyuma, taratibu, bila kuharibu kingine. Kurasa zilizobaki zilikuwa zile nilizokwisha kuzisoma na chache zaidi.

Sikulia. Nilisimama pale chumbani nimekishika.

Ilikuwa likizo ndefu ya Desemba, mwisho wa kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mwanamke mrefu kutoka Muleba, hakuwa na kawaida ya kupandisha sauti, na hilo ndilo lililotufanya tumwogope. Siku ya kufunga shule aligawa riwaya chache zilizokuwepo kabatini kwa wale aliowaamini, nami nikiwemo. Akasema, "Tukifungua, sitaki mtu aniambie amesoma. Nataka asimame hapa mbele asimulie kilichotokea, mwanzo mpaka mwisho."

Na mwisho ulikuwa umekwenda. Nusu ulikuwa umeuzwa stendi juzi yake, nusu ulikuwa pale mlangoni unanukia vitunguu.

Nilirudi nje nikamwambia bibi kwamba kile kilikuwa kitabu cha shule. Nadhani nilimwambia kwa ukali kuliko inavyofaa kumwambia bibi. Alitazama mikono yake, kisha akaanza kuzikunjua zile pembe moja moja, anazilainisha juu ya goti kama vile zingeweza kurudi, lakini zilikuwa zimelowa mafuta, zikamchanikia mkononi.

"Kilikuwa kinasema nini?" akauliza.

Tulizungumza Runyambo, yaani Kinyambo, lugha ya kwetu, kama siku zote nyumbani. Nikamwambia kwa kifupi, nikiwa bado nimenuna. Kwamba ni habari ya mwanamke aliyefiwa na mume, na kabla matanga hayajaisha shemeji zake wakamtoa kwenye kibanja, lile shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba aliyoolewa.

Mikono yake ikasimama.

"Na mwisho wake?"

"Mwisho ndio huo umefungia senene."

Jioni hiyo, kabla mama hajarudi kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji mjini, bibi alinitaka nimsomee kilichobaki. Nilishangaa. Bibi hakuwa mtu wa hadithi. Akishamaliza kunyonyoa senene mabawa na miguu alikuwa analala. Lakini alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, nami nikawa nasoma sentensi kwa Kiswahili kisha naieleza kwa Runyambo. Mwanzoni nilifanya hivyo kama adhabu kwangu na kwake. Baada ya siku chache ikawa kazi ya kila jioni.

Aliuliza maswali. Yalikuwa maswali ya ajabu kwa mtu ambaye hajui habari yenyewe. Nilipofika pale ndugu wa marehemu walipoingia uani, aliuliza kama walikaa kwanza au walisema wakiwa wamesimama. Nilipomsomea kwamba walimwambia achukue nguo zake, akauliza, "Na kuku walimwachia?" Kitabu hakikusema lolote kuhusu kuku.

"Sijui, bibi."

"Hawakumwachia," akasema.

Siku tuliyofika ukurasa wa mwisho uliobaki, mama alikuwa amewahi kurudi. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, mlango wa jikoni uko wazi. Nikasoma mpaka pale mjane anapotembea barabarani na furushi kichwani, sentensi ikakatikia katikati, nikafunga kitabu.

Bibi akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, "Mimi sikutoka na furushi. Nilitoka na mtoto mgongoni. Waliniambia niende lakini mtoto abaki, kwa sababu ni wa ukoo wao. Niliondoka naye alfajiri kabla hawajaamka."

Kisu cha jikoni kilinyamaza.

Nilivyojua mimi, na alivyojua mama yangu maisha yake yote, babu alikwenda Uganda kutafuta kazi, akafia huko, akazikwa huko. Ndivyo tulivyoambiwa. Mama alikuwa mtoto pekee, na alipokuwa shuleni, kila fomu iliyouliza baba yuko wapi aliijaza hivyo hivyo. Sasa alikuja akasimama mlangoni na ganda la ndizi mkononi.

"Mama, unamsema nani?"

"Nakusema wewe."

"Baba alizikwa Uganda."

"Baba yako amezikwa Kyerwa, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilikuambia Uganda ili usije ukamtafuta ukafika kwao."

Mama alikaa chini pale pale kizingitini. Nilisubiri apige kelele, au alie, kwa kuwa mimi mwenyewe nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu nisiyemwona. Hakufanya hivyo. Aliuliza tu kama babu yangu alikuwa mrefu. Bibi akasema alikuwa mrefu. Basi nikainuka nikamalizia kumenya ndizi, maana moto ulikuwa unazima.

Siku ya gulio tulikwenda kuutafuta mwisho. Lilikuwa wazo la bibi. Aliwaendea wateja wake pale stendi, makondakta na akina mama wauza nyanya, akiwauliza kama karatasi za senene zipo. Watu walicheka. Karatasi ya senene nani anaiweka? Ni mmoja tu aliyekuwa nayo, mwenye duka la vyombo, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Tanga. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa ukurasa chini ya mzani wake.

"Nilianza kuusoma nikila," akasema, "nikauweka nikitegemea mwenzake atakuja na senene wengine. Huyu mama wamempeleka kwenye baraza. Ikawaje?"

"Hatujui, babu. Ndicho tunachotafuta."

"Basi mkijua mniambie," akasema, na hakuwa anatania.

Januari ikafika. Mwalimu aliniita mbele siku ya kwanza ya kipindi chake. Nilisimulia mpaka barabarani, nikaruka mpaka kwenye baraza la ule ukurasa mmoja, nikanyamaza. Akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikampa kitabu. Alikipima kwa mkono kama nilivyokipima mimi siku ile, akakifungua nyuma, akaona mishono ya uzi imebaki mitupu. Nikamweleza habari ya senene. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Nilitegemea viboko, au niitiwe mzazi. Aliniambia nibaki baada ya vipindi. Ofisini nilimweleza na yale mengine, ambayo sikuwa nimepanga kumweleza mtu: habari ya bibi, na mama alivyokaa kizingitini. Alisikiliza huku anapanga chaki. Nilipomaliza, alifungua mkoba wake akatoa nakala yake mwenyewe ya riwaya ile, imepigwa mistari ya penseli.

"Kazi ya likizo hukuimaliza," akasema. "Kaimalize. Wasomee wote wawili."

Kisha akanipa jembe na kunionyesha kipande cha bustani ya shule nikilime kama adhabu ya kuharibu mali ya shule. Yote mawili aliyasema kwa sauti moja, na mpaka leo sijui lipi lilinishtua zaidi.

Niliusoma mwisho Jumapili, baada ya kanisa. Mama alikuwepo, cherehani imefunikwa. Katika kitabu, baraza linamrudishia mjane kibanja chake chote, majirani wanampigia vigelegele, na sura ya mwisho anavuna kahawa. Niliisoma kwa furaha, nikiinua macho kumtazama bibi.

"Walimrudishia chote?"

"Chote, bibi."

"Na akakaa humo, jirani na wale wale waliomtoa?"

Nilitafuta ukurasani. Mwandishi hakusema.

"Mimi kibanja sikitaki," bibi akasema. "Nataka nione alipolala babu yako."

Tulikwenda Kyerwa likizo ya Pasaka, sisi watatu. Mama hakuwa amesema nitakwenda, lakini asubuhi alinitupia sweta langu, nikajua. Tulishuka barabara kuu upande wa Nkwenda, tukapanda kilima kwa miguu, ukungu bado haujaondoka kwenye mabonde. Bibi alitangulia. Nilitegemea apotee, maana miaka ilikuwa mingi na nyumba zilikuwa za bati sasa, lakini hakuuliza njia hata kwa mtu mmoja.

Uani palikuwa na mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki anachambua maharage. Huyu ndiye alikuwa kaka mkubwa wa babu, yule aliyewaongoza wenzake siku ile. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu wa kutisha. Alikuwa na fulana iliyotoboka na jicho moja lina ukungu. Alitukaribisha kama wageni wowote, akaagiza viti. Bibi hakukaa.

"Nimekuja kumwona mume wangu," akasema.

Mzee alimtazama. Maharage yalimtoka mkononi yakamwagika. Hakuuliza wewe ni nani. Aliinuka akatutangulia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akazunguka mara hii mara ile, akasimama mahali.

"Ni hapa," akasema, "au hapo mbele kidogo."

"Siyo hapa," bibi akasema. Aliingia ndani zaidi, akainama, akaanza kuondoa majani makavu yaliyotandazwa kwenye mashina. Mama naye akainama. Chini ya majani yale palikuwa na mawe yaliyopangwa, mengine yamezama, na katikati yake mgomba ulikuwa umepandwa na kukua na kuzaa, una mkungu.

"Tulisahau," mzee akasema.

Nilimwona mama akigeuka. Sijawahi kumwona na uso ule, kabla wala baadaye. Nilidhani atamwambia neno ambalo halitafutika. Lakini mzee alikuwa anamtazama yeye sasa, anamkazia lile jicho zima, na midomo yake ikamwita jina. Lilikuwa jina la Kinyambo ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa nyumbani kwetu.

Mama alibaki ameinama nusu, majani mkononi. "Umeniitaje?"

Mzee akalirudia. "Tulikutafuta," akasema. "Tulikutafuta mpaka kijijini Ndama, kwao na mama yako. Wakatuambia hakuna mtoto wa jina hilo."

Mama akamtazama bibi.

"Ndilo alilokupa baba yako," bibi akasema, bado anaondoa majani, bila kuinua kichwa. "Nililibadilisha nilipofika kwetu. Wangekuchukua."

Upepo ulikuwa unayasugua majani ya migomba juu yetu. Mimi nilikuwa nalisema lile jina kimyakimya, nikijaribu kulivisha uso wa mama, na halikumkaa, na lilimkaa.

Mzee aliagiza panga, akaukata ule mgomba mwenyewe, mkungu ukaanguka upande. Akasema tuuchukue. Bibi akakataa. Mama akakataa pia, kisha akamsogelea, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mtoto wa mdogo wake, akamwambia, "Shikamoo, baba mkubwa." Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumsalimia tangu tufike. Mzee akaweka panga chini kwanza, ndipo akaitikia marahaba.

Kibanja hakijawahi kudaiwa. Bibi hakurudi tena Kyerwa, alisema ameshaona. Mama huenda kila mwaka mvua zikikatika, anapalilia, anapanga mawe yaliyozama, anarudi siku hiyo hiyo. Mwanzoni nilimuuliza wanazungumza nini na baba mkubwa, akasema hawazungumzi sana, mzee humletea maji ya kunawa.

Kibandani kwake mjini wateja humwita kwa lile jina walilolizoea. Lakini mwaka jana, alipopata cherehani mpya, alimwita mchoraji aandike kibao cha juu ya mlango. Nilifika jioni rangi ikiwa bado mbichi, nikasimama barabarani nikakisoma. Alikuwa ameandikisha lile jingine.