Asali Katika Ndoo ya Dawa ya Kupe

Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, na nikiikumbuka hata sasa siwezi kutulia kitini. Nilikuwa nimeolewa Sosiot juzi tu, msichana wa Kakamega asiyeweza kuwasalimia wazee kwa Kikipsigis bila kuchekwa. Wiki iliyofuata wageni wangekuja kumposa wifi yangu, na mama mkwe alitaka kuwapokea kwa pombe ya asali, kama mila yao ilivyo. Chungu chake kilikuwa kimepasuka. Basi asubuhi moja shemeji akaleta ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko, safi kabisa, ungedhani imetoka dukani.

Mimi ndoo hiyo nilikuwa nimeiona zizini. Ndiyo aliyokuwa akichanganyia dawa ya kupe.

Sasa ningesemaje? Bibi harusi, hata sijazoea jiko, nimwaibishe shemeji mbele ya mamake? Nilifagia jikoni, nikafagia tena palepale. Nikatoka kwenda kuchota maji, na mtungi umejaa. Nikajiambia ameiosha vizuri, nikajiambia hayanihusu. Mama mkwe akamimina asali yote ya mizinga aliyoachiwa na marehemu mumewe, akatia maji ya vuguvugu, akakoroga. Alipoinua mwiko aonje, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, usionje. Hiyo ni ndoo ya dawa ya ng'ombe."

Shemeji akanikazia macho. "Nimeiosha na sabuni na majivu. Haina hata harufu."

Mama mkwe aliweka mwiko chini, akanigeukia mimi.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Ndiyo, mama. Niliogopa. Mimi ni mgeni hapa."

"Nani amekuambia wewe ni mgeni? Ungeacha niwaue watu kwa sababu ya kuona haya?"

Akaibeba ndoo mwenyewe, akaenda kuimwaga shimoni. Nilimwona akijifuta macho kwa leso, na hadi leo naionea uchungu ile asali. Wageni walipokuja walikunywa mursik, yale maziwa ya kuchacha ya kibuyuni, na chai, na posa ikakubaliwa.

Nimeona unakusanya ndoo, mwanangu, unataka kutengeneza divai na pombe ya asali. Sawa, lakini uliza kwanza ndoo ilibeba nini. Plastiki hufyonza dawa, na pombe ikikaa humo itaitoa, hata ukisugua mpaka mikono iume. Tafuta ndoo ya chakula, ile yenye alama ya glasi na uma, na uwe na uhakika haijatiwa kitu kingine. Kifuniko usikikaze, pombe ikichacha hutoa hewa. Na ukimwona mtu anakosea, awe mkubwa wako au nani, mwambie kabla hajamimina asali.

Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, na akupe nyumba ambayo ukisema, wanakusikiliza.