Mikono ya Mwenye Kamba

Asubuhi moja ya kijijini Kasansa bado inanijia, mwanangu, kila ninapoona mtu ameinuliwa juu kufanya kazi. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nimetoka Mpanda juu ya lori la mpunga kutafuta kibarua, nikapata kazi ya kupiga lipu mnara wa kengele wa kanisa. Mashine za kuinua watu hatukuwa nazo. Tulikuwa na kasha la mbao, kamba ya katani, na kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, lililofungwa kileleni. Mmoja anakaa ndani ya kasha na ndoo yake, wawili wanavuta chini.

Siku hiyo ndani nilikuwa mimi. Waliovuta ni fundi Bukuru, Mrundi mtu mzima asiyependa maneno mengi, na Petro, kijana wa Kipimbwe aliyekuwa amechumbia.

"Umekuwa mzito wewe," Petro alinitania. "Ugali wa padri huo."

"Vuta, bwana harusi. Au umeanza kuchoka kabla ya ndoa?"

Kasha lilipokuwa limepita usawa wa paa, baba mkwe wake akapita njiani na jembe begani. Kule mkwe hasalimiwi umesimama. Unachuchumaa, macho chini, unapiga makofi taratibu. Petro hakufikiri. Mwili wake ulishazoea hivyo tangu utotoni. Aliachia kamba, akachuchumaa.

Kasha likaporomoka nami. Niliuona ukuta unakimbia kwenda juu, kisha tukasimama kwa kishindo, karibu kabisa na mawe ya chini. Bukuru peke yake alikuwa ameing'ang'ania kamba, nayo ilikuwa imepita viganjani mwake ikiondoka na ngozi.

Hakumtukana Petro. Alimgeukia mzee.

"Baba, heshima yako tunaijua. Lakini mwenye kamba mikono yake si yake. Ni ya yule aliye juu."

Mzee aliweka jembe chini, akachana shuka lake, akamfunga Bukuru viganja.

Vidole vile havikukunjuka vizuri tena, na Bukuru hakushika tena mwiko maisha yake yote. Tangu siku ile kamba tuliizungusha kwanza kwenye gogo lililochimbiwa ardhini. Na yule mzee, kila alipopita, alisimama mbali hadi kasha lishuke. Ndipo aliposogea, na Petro akachuchumaa.

Nimetangatanga sana baada ya hapo, migodini na mijini. Wewe sasa unaendesha mashine yenye kikapu, unabonyeza tu, hakuna kamba inayokuchuna. Hapo ndipo ninapoogopa, maana uzito wa mwenzako huusikii. Kabla hujampandisha, kagua ardhi chini ya magurudumu, isiwe kifusi kilichojazwa juzi. Tazama mkanda wake umefungwa kikapuni. Simu ikiita, iache iite. Hata mimi nikija kukutembelea, usinigeukie mpaka ashuke. Nitasubiri pembeni, na wala sitasema umekosa adabu.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu. Na kila utakayempandisha asubuhi, jioni aufungue mwenyewe mlango wa nyumba yake.