Kiondo cha Syombua

Juzi nilikuwa sokoni Machakos nikichagua nyanya, nikasikia nyuma yangu sauti ya mkonge ukisokotwa juu ya paja: shwaa, kimya kidogo, shwaa. Nyanya mbili zikanidondoka. Muuzaji aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia ni jua. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba sauti hiyo iliwahi kunilaza kitandani siku tatu nikingoja kufa. Wewe nitakueleza, mradi usinicheke kabla sijamaliza.

Kwetu ni Yatta, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Katangi. Nilipewa jina la mama yake baba, Syombua, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Kwa sababu hiyo babu yangu, ambaye sote tulimwita Umau, aliniita kiveti, yaani mke wake, na nilipokataa uji alinitishia talaka. Bibi yangu, Susu, mwenye jina hasa, alikuwa akicheka mpaka ugoro unampalia.

Susu alisuka viondo, vikapu vyetu vya mkonge, akiota moto na alisuka akienda kuteka maji. Alisuka hata akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, vidole vikijiendea kifuani kana kwamba si vyake. Juu ya goti lake la kulia palikuwa na mahali laini pasipo na unyoya hata mmoja, panang'aa, kwa kuviringishiwa nyuzi miaka yote hiyo. Nilipoingia darasa la tatu alianza kiondo kimoja akaniambia ni changu.

"Hiki kikifika mdomo nitakuja kukuchukua, twende nacho Katangi wakuone," alisema.

Akamaliza kitako, akapanda, akaweka mstari mwekundu wa kwanza, kisha wa pili. Hapo kifua kikamshika. Mvua za vuli zilipoanza, tulikuwa tumeshamzika.

Kiondo kilibaki kwenye jiko lake, msumarini, kitako juu, na nyuzi ambazo hazijasukwa zikaning'inia kama nywele za mtu aliyeinama. Hakuna aliyekigusa. Susu mwenyewe alizoea kusema kwamba mikono ya watu wawili hupindisha kiondo. Siku ya matanga shangazi yangu Nduku alikitazama akasema kazi ya marehemu haikai nusu, itamtafuta mwenye jina. Halafu akanitazama mimi. Nadhani alitaka nijifunze kusuka. Mimi nilielewa vingine, kwa sababu wiki mbili baadaye kiondo kilianza kukua.

Nilikuwa nimetumwa kibuyu jikoni kwa Susu baada ya shule. Juu ya mstari wa pili mwekundu nikaona utepe mweupe, upana wa kidole changu, ambao haukuwepo. Siku iliyofuata ulikuwa umeongezeka. Niliushika. Uzi ulikuwa mnene, wenye vinundu, umevutwa hapa na kulegea pale, si kama ule wa Susu. Nikajiambia vidole vilivyolala udongoni haviwezi kukunjika vizuri.

Nilipima: vilibaki vidole vitano kufika mdomo. Na nilikumbuka ahadi. Nitakuja kukuchukua. Aliye hai akikwambia hivyo unafurahia soko. Aliyekufa angenipeleka wapi? Nilimpenda Susu kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na kilichonitesa hasa ni kwamba sikutaka kwenda naye. Niliona aibu, na sikumwambia mama, maana kwetu aimu, roho za waliotangulia, hawatajwi ovyo.

Basi nikaanza kufumua. Kila jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, niliingia jikoni bila viatu, nikamwomba Susu msamaha kwa kunong'ona, nikafumua utepe wa siku hiyo mpaka kwenye mstari mwekundu. Kesho yake nilikuta umesukwa upya. Nikafumua tena. Nilikonda. Mwalimu alinikuta nimesinzia juu ya daftari akanichapa, na hata fimbo hiyo niliipokea kama mapumziko.

Siku moja nilishikwa na homa shuleni, nikarudishwa nyumbani saa sita. Jua kali, boma halina mtu. Mbuzi wa Umau walikuwa ndani ya shamba letu wanakula mahindi bila mchungaji, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikafungua kinywa nimwite Umau, ndipo nikaisikia kutoka jikoni: shwaa, kimya kidogo, shwaa. Miguu ilinibeba yenyewe mpaka chini ya kitanda cha mama.

Bado nilifumua, wiki nzima nyingine, kwa ukaidi wa mtoto. Kisha jioni moja nikatia mkono ndani ya kiondo nikashika karatasi iliyokunjwa, imechomekwa kati ya nyuzi. Nilipoifungua, harufu ikanipanda puani kabla sijaona kilichomo. Ugoro. Si wa zamani, uliokauka. Ulikuwa umesagwa siku hiyohiyo. Nikaurudisha kama ulivyokuwa, nikatoka kinyumenyume, na sikuingia tena jiko lile.

Hazikupita siku saba, Umau akavuka uwanja akiwa na kiondo, kizima, kimetiwa mkanda wa ngozi. Kilikuwa kimepinda upande mmoja.

"Kiveti, shika. Ni Susu wako amekutumia," alisema akanivisha begani.

Nilipiga yowe lililowatoa majirani. Kisha nikaoga, nikavaa gauni langu la Krismasi ili Susu asione aibu kuongozana nami, nikalala chali kungoja. Mama alidhani ni malaria, akaninywesha dawa chungu. Siku tatu hakuja mtu. Siku ya nne nilisikia njaa, nikaamka nikala viazi vikuu, na Jumamosi Umau akanishika mkono akanipeleka Katangi na kiondo changu.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa nashona suruali kiwandani Athi River nilipoitwa kumwuguza Umau, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Mchana mmoja nilikuwa namwosha, nikaikunja suruali yake kupita goti. Juu ya goti la kulia palikuwa na mahali laini, pasipo na unyoya, panang'aa kama ukucha. Pa Susu hasa, ila padogo. Aliona ninachokitazama akavuta blanketi.

"Usiambie mtu," alisema. "Mwanaume wa umri wangu kushika uzi, wangenicheka mpaka Katangi."

"Kwani ni wewe, Umau?"

"Susu wako alinituma nimalize. Asubuhi nikishapeleka mbuzi, naingia pale kwa jikoni, najaribu. Lakini nikisuka leo, kesho napata amefumua. Yeye hakuwa anapenda kazi mbaya. Nikisuka, anafumua." Alicheka kidogo. "Nilikuwa na furaha, kiveti. Nilijua hajaniacha. Halafu nikachoka, nikamwekea ugoro wake nikamwomba aniruhusu nimalize. Hakufumua tena. Hata siku moja." Akageukia ukuta. "Nilimfukuza mimi mwenyewe. Kama ningejua, nisingepeleka ule ugoro."

Nilikamua kitambaa, nikakichovya tena, nikakikamua tena. Kumbe miezi ile yote tulikuwa watu wawili tulio hai ndani ya jiko moja, kila mmoja akimchukulia mwenzake kuwa maiti: mimi nikikimbia, yeye akingoja. Hofu yangu ndiyo iliyokuwa mke wake. Ningeweza kumwambia pale pale. Neno lilifika kwenye meno nikaona jinsi lingemwacha mpweke miaka yote hiyo kwa mkupuo mmoja.

Alipolala baada ya chakula, nilikichukua kile kiondo, ambacho nilikuwa nimekuja nacho na nguo zangu. Nikakata fundo la mdomo nikafumua upana wa kidole, taratibu, bila viatu. Nikakiweka kwenye kiti karibu na kichwa chake. Sikuona kama namdanganya sana. Aliyefumua zamani aliitwa Syombua, na wa siku hiyo pia.

Nilikuwa nje nikianua nguo alipoamka. Nilisikia kiti kikiburuzwa sakafuni, nikaogopa nimeua mtu. Kisha akaniita, sauti yake nyepesi kama ya kijana, akaniomba nimtafutie mkonge.