Chai Niliyoambiwa Nisimeze

Nikinunua mayai huyahesabu dukani, kisha nyumbani, kwa sababu ngazi za jengo letu siziamini. Labda ndiyo maana kaka yangu, aliyebaki Kenya, alinipa kazi ya kumsimamia binti yake hapa Doha alipopata mchumba. Kwetu, masharti yakishakubaliwa, wageni humpa msemaji wa nyumba kinywaji, lakini hakinywi mpaka amuulize binti, "Ninywe?" Akinywa, binti ameolewa.

Wiki hiyo binti, ambaye ni nesi, alikuwa akitazama kwenye simu habari za mwanamke wa ukoo mkubwa wa Roma ya kale. Baba yake alimwoza mara tatu, kila alipohitaji rafiki mpya serikalini. Waume walibadilika, yeye akabaki na jina la ukoo wa baba.

"Baba mdogo, huyo hakuolewa. Alikuwa akiazimwa."

"Angalau mzee alijua kupatana."

Hakucheka.

Ijumaa wakaja kwangu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud: mchumba na msemaji wake, dereva mzee wa Al Rayyan. Tulibishania Krismasi wataila kwa nani mpaka koo zikakauka. Mwisho tukakubaliana, mwaka mmoja kwetu, mwaka mmoja kwao, tuanze sisi. Nikahesabu tena kimoyomoyo: kwa miaka mitano, tatu ni zetu. Dereva hakuwa amepiga hesabu hiyo. Kwa furaha nikapokea karaki waliyoleta, ile chai nzito ya maziwa na iliki, nikapiga funda.

Dereva akanikodolea macho.

"Baba mdogo!" Binti alikuwa mlangoni na sinia la sambusa. "Umeniuliza?"

Nikatikisa kichwa. Chai ilikuwa bado mdomoni, inaunguza.

"Basi usimeze."

"Mkwe, iteme tu," dereva akanihurumia.

"Na asiteme!" Kwetu kuitema ni kuwafukuza wageni. Binti akamgeukia mchumba. "Na wewe. Siku ndugu zako na zangu wakikosana, nitabaki mkeo, au nitarudishwa?"

Kijana akatazama mashavu yangu yaliyovimba, kisha akamtazama yeye. "Wakikosana, ni wao. Sisi tutakuwa kwetu, tumefunga mlango."

Binti akaweka sinia mezani, akanigeukia. Nikainua nyusi, swali sikuwa na njia nyingine ya kuliuliza.

"Sijasikia."

Nikaziinua tena, juu zaidi.

"Meza, baba mdogo."

Nikameza. Sambusa zilikuwa kumi na nane. Ulimi wangu haukuonja hata moja, lakini nilizihesabu mara mbili.