Kibano Kina Mwenyewe

Mtaani walimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini, maana wa kutengeneza saa alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Meza yake ilikaa dirishani, chumba cha mbele, rangi imebanduka pale alipozoea kuegemeza viwiko. Ilikuwa meza ya baba yake. Mzee alipofariki watu walidhani itauzwa, lakini Fundi akavuta kiti, akaketi. Alikuwa msichana aliyeishia darasa la saba, na wateja wa mwanzo walikuwa wakichungulia nyuma ya mgongo wake kumtafuta mwanamume mwenye kazi.

"Unayemtafuta ndiye unayemwona," aliwaambia, lenzi bado iko jichoni.

Silaha yake ilikuwa kibano. Si kile cha kung'olea nyusi, la. Hiki kilikuwa chembamba, cha chuma cha zamani, ncha zake zimechongoka kama sindano, kikiokota skrubu ambayo wewe na mimi tungeipuliza tukidhani ni vumbi. Alikitia kwenye ala ya ngozi mfukoni mwa gauni na kutembea nacho popote, hata msibani. Hakumwazima mtu. Binti yake, kabla hajaolewa, alikichukua siku moja kutolea mwiba mguuni, akanuniwa mpaka akakoma.

Mumewe alikuwa mtu wa reli, mpeperusha bendera wa stesheni. Walijuana kwa ajili ya saa yake ya kazi iliyokuwa ikichelewa. Alipotengenezewa akarudi wiki iliyofuata, saa ni nzima kabisa, akisema ina mlio asiouelewa. Akarudi tena. Fundi akamwambia, "Kaka, saa haina neno. Sema wewe una neno gani." Akasema, wakaoana.

Basi watu hao, waliokula pamoja miaka yote hiyo, walifika mahali wakawa hawasemeshani.

Ilikuwa hivi. Mteja alileta saa ya mkono, ya marehemu mama yake, anaishika kama yai. Mume wa Fundi, aliyekwisha kustaafu wakati huo, alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Akatania: "Mpe polepole, bwana. Huyo mikono yake siku hizi inacheza ngoma." Mteja akacheka. Kisha akaitazama saa, akaitazama mikono ya Fundi, akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Fundi hakufoka. Angefoka yangekwisha siku hiyohiyo. Alifunga mdomo, na mume naye, badala ya kuomba radhi, akasema mzaha ni mzaha, akafunga wake. Kilichomkata Fundi maini si kwamba mume alisema uongo. Alisema kweli. Asubuhi, kabla hajanywa chai, kidole chake cha shahada kilikuwa kimeanza kutikisika chenyewe, na alidhani hakuna aliyekiona.

Maneno yao yakawa yanapitia kwa mbwa. Alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, ambaye mume alimwokota kando ya reli. Majirani walimpa jina la Balozi kwa hiyo kazi yake ya kupeleka ujumbe.

"Balozi, mwambie bwana wako chakula kinapoa."

"Balozi, mwambie mama chumvi imesahauliwa."

"Balozi, mwambie mwenye ulimi mrefu chumvi iko kabatini, na miguu anayo."

Majirani waliangua kicheko, wakaenda kusimulia kwao. Nyumbani kwenyewe hapakuwa na kicheko.

Kila jioni mume alimtembeza Balozi kandokando ya reli ya zamani, ambako majani yameota yakafika magotini. Walirudi na kupe. Fundi alimwita mbwa dirishani, akampekua manyoya, ndani ya masikio, chini ya ukosi, kati ya vidole. Aliwanyofoa kwa kibano, akiwazungusha kidogo kama alivyozoea kufungua skrubu, akawatumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Mara nyingine kichwa kilibaki ndani ya ngozi, pakavimba, naye akashangaa kwa nini. Hata hivyo mbwa alikaguliwa kila jioni. Bwana wa mbwa hakukaguliwa na mtu.

Siku moja mume aliketi mezani, akaisogeza sahani. "Balozi, mwambie mama leo sili."

"Balozi, mwambie sufuria haitamlilia," Fundi akajibu, na akajiona amepatia.

Kesho yake hakula tena. Siku iliyofuata, jua limekwisha kupanda, Balozi alikuwa akikwaruza mlango wa chumbani na bwana wake hajatoka. Fundi akasema kwa sauti, ili asikike kitandani, "Balozi, kamuulize kama leo reli imefungwa." Hakujibiwa. Akaingia.

Mume alikuwa amelala chali, macho mekundu, midomo imekauka na kupasuka. Fundi alimgusa paji la uso. Mwili ulikuwa unawaka.

"Baba," akamwita. "We baba, nitazame." Ndilo neno la kwanza alilomwambia uso kwa uso tangu siku ya mteja yule, na Fundi mwenyewe hakutambua.

Jirani yao muuza mkaa akaja na mkokoteni. Walitandika blanketi juu ya masizi, wakampakia mgonjwa. "Mzee, vumilia," muuza mkaa akasema akisukuma, jasho linamtiririka. "Leo treni yako ndiyo hii, na haina daraja la kwanza." Mgonjwa hakutabasamu. Fundi alitembea pembeni ameshika ukingo wa mkokoteni, Balozi nyuma yao.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya upole na haraka nyingi. Walimpima mgonjwa malaria, haikuonekana.

"Mama, homa ilianza lini?"

Fundi akafungua mdomo.

"Kichwa kilimuuma? Ametapika? Mara ya mwisho kula ilikuwa lini?"

"Kula, ni kama... Mwanangu, sijui."

Muuguzi akainua macho. "Mnaishi nyumba moja?"

"Moja," Fundi akasema. "Na kitanda kimoja." Akatamani sakafu ile ya saruji impokee.

Muuguzi akaanza kumkagua mgonjwa kuanzia miguuni. Alipominya kinena mgonjwa akaguna, mitoki imevimba. Akamgeuza ubavu. Nyuma ya goti palikuwa na kidonda kidogo, kigaga chake cheusi kama kilichopakwa lami, na pembezoni ngozi imebabuka.

"Huyu aliumwa na kupe," muuguzi akasema. "Kuna homa inayoletwa na kupe, na hii nadhani ndiyo. Lakini hapa pameungua pia. Baba, kupe ulimtoa vipi?"

"Kibiriti," mgonjwa akajibu kwa sauti iliyokwaruza.

"Ulimchoma? Baba yangu! Kupe hachomwi, hapakwi mafuta ya taa, hapakwi chochote. Ukimtesa anakutapikia uchafu wake ndani ya damu. Anashikwa na kibano, anavutwa, basi. Nyumba nzima hakuna kibano?"

"Kipo," mgonjwa akasema. "Kina mwenyewe."

Fundi aliyasikia maneno hayo yakimwingia polepole. Kumbe mwanamume huyu aliketi mahali peke yake, amejipinda kutafuta nyuma ya goti lake asikokuona, njiti inawaka mkononi, na yeye yuko chumba cha pili anampekua mbwa.

"Na kuna mwingine," muuguzi akasema. Alikuwa amefunua nywele nyuma ya sikio. Kupe alikuwa pale, amejaa, wa kijivu. Muuguzi akafungua droo, akatoa koleo la kushikia pamba, ncha zake nene. "Hili litamponda. Ngoja niulize chumba cha pili."

Fundi alikwisha kutoa ala mfukoni. Muuguzi akakitazama kibano, akakipangusa kwa spiriti, akamrudishia. "Unakijua mwenyewe. Toa, mimi nakuelekeza. Usimshike tumbo. Shuka chini kabisa, mshike pale anapogusana na ngozi."

Fundi akashuka. Ncha za kibano zikaanza kutikisika, tik tik tik, zinagonga ngozi ya mumewe. Akaondoa mkono. Mume aliusikia mlio ule, bila shaka, maana ulikuwa sikioni mwake, lakini alilala kimya na kufumba macho. Fundi akaegemeza kifundo cha mkono kwenye taya la mumewe, akavuta pumzi, akangoja. Mkono ulitulia kidogo. Akamkamata kupe.

"Usizungushe, mama. Si skrubu. Vuta juu moja kwa moja, polepole, usimkurupushe."

Akavuta. Ngozi ikainuka kama kihema. Fundi hakuongeza nguvu wala hakupunguza. Kupe akaachia, mzima na kichwa chake, miguu inafurukuta. Muuguzi akamtia kwenye kichupa, akapaosha kwa maji na sabuni, akapaka spiriti, akamwonyesha Fundi beseni. "Na wewe nawa. Mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo, apewe dawa. Na mkitoka majanini mkaguane. Kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Peke yako huwezi kujiona."

Mgonjwa akapewa vidonge na maji ya mshipani. Fundi alimfuata muuguzi ukumbini kumuuliza kama atapona. "Dawa ni nzuri," muuguzi akasema, "ila mmechelewa, na umri umekwenda. Homa ikishuka kesho au keshokutwa, tutashukuru. Isiposhuka, tutampeleka hospitali kubwa."

Fundi alirudi, akakaa kwenye kistuli cha chuma. Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya mpira. Mumewe alikuwa anatetemeka chini ya shuka mbili.

"Mikono yako haitetemeki," mume akasema bila kufumbua macho. "Nilisema ovyo siku ile."

"Inatetemeka," Fundi akasema. "Umeisikia leo. Ulisema kweli. Kweli yenyewe ungeniambia mimi, chumbani, usimwambie mteja."

"Basi nisamehe."

"Sijafika huko. Bado nimekukasirikia."

"Mimi nimelala hapa, nawe umekasirika?"

"Sana. Kwa lile, na kwa hiki kibiriti. Nina maneno ya mwaka mzima, baba, na mengi si mazuri. Pona kwanza nikwambie."

Mume akajikokota kuelekea ukutani, akaacha nafasi ukingoni mwa kitanda. Fundi akaacha kistuli, akakaa hapo, akamwekea mkono kwenye paji la uso, kupima. Homa ilikuwa haijashuka.