Ildefons na Maandamano ya Mtu Mmoja

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na Ildefons mwenyewe angefurahi kisiaminike. Anaomba hivyo tangu Sikukuu ya Ekaristi ya mwaka jana, pale kigangoni kwao, upande wa Izigo.

Ildefons ni mkulima wa kahawa, mtu mpole akiwa hana bendera. Akishika bendera ya mbele hugeuka jenerali. Wiki nzima aliwafundisha wanakwaya kwamba maandamano ni neno la jeshini, limezaliwa na komandi: wa mbele anaamuru, wa nyuma ananyamaza. Walimwamini, maana alimaliza darasa la saba. Mwandishi wa kisa hiki aliishia la sita, kwa wingi wa akili.

Siku yenyewe akatoka kifua mbele, hageuki nyuma hata kidogo. Penye njia panda akakata kushoto ili apite kibanjani kwa baba mkwe wake, mzee Rugaibula, aonekane. Padri na waumini wote wakashika kulia, kama ilivyopangwa. Ildefons akazidi kukaza mwendo kati ya migomba, akidhani kimya kile cha nyuma ni utii.

Mzee Rugaibula alikuwa uani na mgeni kutoka Bilele, Bi Mwajuma, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyekuja kuchukua machipukizi ya migomba. Mzee akamtazama mkwewe, akaitazama njia tupu, akauliza kwa heshima ya Kihaya:

"Waitu, mkwe wangu, wenzako umewala?"

Ildefons akageuka. Masikio yakamwaka. Akababaika na habari zake za komandi, mpaka Bi Mwajuma akamkatiza taratibu, kama anayesahihisha daftari.

"Komandi wapi, mwanangu. Kuandama ni kufuata. Sisi husema mwezi umeandama, umefuata ule uliokwisha. Hiyo *na* ya mwisho ndiyo wenzako: kuandamana, kufuatana. Wewe ulikuwa unatembea na kitambaa."

Ildefons hakungoja zaidi. Aliikunja bendera, akaibana kwapani, akapenya kwenye mibuni hadi kanisani, akasimama nyuma ya watoto wa komunyo. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mwaka huu walipomletea bendera aliikataa. Akaomba kufunga mstari, aione migongo ya wenzake. Na msimcheke, maana siku ile alitembea peke yake mpaka Muleba mjini, askari wakampigia saluti, ng'ombe mia moja wakamfuata kwa mistari mi—

"Mbuzi mmoja," anasema Ildefons, kumbe yuko nyuma ya kiti cha mwandishi, anasoma. "Na hakunifuata. Alikuwa amefungwa kamba."