Flamingo wa Bi Mwanaidi

Naikumbuka Ijumaa moja kuliko Ijumaa zote nilizokaa hapa Doha, na wewe Neema jana umenilazimisha kuikumbuka tena. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini nimelala nayo, nimeamka nayo, na hasira zimenipanda hadi nimeunguza vitunguu, mimi, niliyewapikia watu miaka ishirini na sita! Basi kaa hapo, weka simu chini, unisikilize.

Kwanza nyinyi wasichana wa kazi mnanichosha. Kuanzia mwezi wa sita kazi yenu kulia: Mama, joto linatuua, hata kutoka kutupa taka hatuwezi. Haya, Mungu kaleta msimu wa baridi. Mabosi wametuleta kambini huku ufukweni, upepo mzuri, mahema yamepigwa, na madamu kwa mdomo wake anasema nendeni mkatembee mpaka alasiri. Mnafanya nini? Mnajifunika blanketi mchana kweupe, eti baridi. Baridi gani? Mimi nimezaliwa Lushoto, baridi naijua. Hii ukivaa sweta na soksi imekwisha.

Jana nikakuburura mpaka kwenye mikoko. Ukawaona flamingo, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wamesimama majini wanajilia zao. Ukapiga makofi na kelele ili waruke uwachukue video. "Mama, wacha, hii itatrend!" Wakaruka wote. Uliniona nimegeuka nikaondoka. Sikukukasirikia wewe peke yako, mwanangu. Nilimwona msichana mwingine pale, mjinga kuliko wewe, naye ni mimi.

Wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja tu hapa. Upishi nilifundishwa na Bi Mwanaidi, mama wa Kipemba aliyekuwa mpishi wa familia hii hii. Misimu kumi na minne alikuja kambini, na kila msimu flamingo walikuwapo, na hakuwahi kuwaona kwa karibu. Saa ya watu kutembea ndiyo saa ya masinia. Akiinua kichwa kutoka kwenye sufuria huona mstari wa waridi kule mbali, basi. Mjukuu wake wa kike alikuwa akimuuliza kwenye simu: Bibi, ni kweli magoti yao yanakunjika kwa nyuma? Naye anashindwa kumjibu.

Wiki ile ilikuwa yake ya mwisho. Jumatatu anarudi Pemba moja kwa moja. Ijumaa hiyo madamu akamwambia leo usiguse mwiko, nenda utakako. Akaniomba nimsindikize. Tukabeba mkeka na chupa ya chai ya maziwa.

Tulikuta maji yamekupwa na ndege wako mbali. "Kaa kitako," akaniambia. "Maji yaanza kujaa. Yakijaa yatawasogeza wenyewe hadi hapa. Kazi yetu sisi ni kunyamaza."

Kunyamaza! Nilikuwa nimenunua kamera ya filamu kwenye duka moja la mtaa wa Najma, na nyumbani nilishatangaza kwamba picha zinakuja. Nikakaa, nikainuka, nikakaa. Nikanywa chai hata ikaniunguza ulimi. Na kweli, ndege wakawa wanasogea kidogo kidogo, hata tukaanza kusikia sauti zao. Bi Mwanaidi alinishika mkono nisiinuke. Bado kidogo tu, jamani! Nikajichomoa, nikavua viatu, nikakimbilia topeni na kamera yangu.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na mimi msemo ule niliuimba tangu darasa la pili bila kuuelewa. Tope likanishika magotini. Nikapiga yowe na kubonyeza kamera ovyo. Ndege wakainuka wote, wakaelekea baharini, na hawakurudi siku ile.

Nilirudi kwenye mkeka nikitegemea kofi. Hakunipiga. Alinipa kanga yake nijifute, kisha akasema taratibu, "Mimi nimengoja miaka kumi na minne. Wewe umeshindwa kungoja chai ipoe."

Afadhali angenipiga.

Baadaye nilipopata likizo nikamfuata Pemba, nikampelekea ile picha. Akaigeuza huku na huku. "Ndege wako wapi? Mbona naona kidole?" Nikamwambia ndicho hicho, Bi, kidole changu. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akauliza, "Na magoti yao je?" Nikasema sijui. Tangu siku ile, kwa aibu, sikuwa nimekwenda tena. Akaacha kucheka. "Sasa wote wawili tuwakose? Rudi, ukae kitako, uwaangalie kwa niaba yangu."

Msimu uliofuata nilikwenda. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Wakaja. Kumbe lile linalokunjika kwa nyuma si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Nilikimbia kupiga simu Pemba kama mtu aliyeokota dhahabu. Aliyepokea ni mjukuu wake. Bibi tumemzika juzi, akaniambia.

Jibu nikampa yeye. Tukalia wote wawili kwenye simu.

Ndiyo maana jana nilikuacha pale. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wa kwangu ana sauti, nimeisikia. Kwa hiyo shika hili: ukipewa saa moja ya hewa nzuri, toka nje, usiilalie. Ukikuta kiumbe anakula, mwache ale. Chema kinachokujia chenyewe usikikimbilie, utakifukuza, na pengine pembeni yako yupo mtu aliyekingoja muda mrefu kuliko wewe. Na mtu huyo hatasema.

Maana hukuniuliza kwa nini jana nilivaa kanga yangu nzuri. Mwezi wa tatu narudi Lushoto, sirudi tena hapa. Kesho tutakwenda wote, mimi na wewe na mkeka, na simu itabaki hemani.

Mungu akupe macho ya kushiba na moyo wa kutulia, akurudishe kwa mama yako ukiwa na jambo la kumsimulia. Amina. Sasa nimenyee vitunguu vingine.